Nyumba ya Kunolewa

Mama yangu alikuwa na kisu kimoja tu cha jikoni, na kila ilipokaribia sikukuu alikinoa kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa uani. Alikinoa miaka mingi. Kilizidi kuwa kikali na kilizidi kuwa chembamba, mpaka kikawa kama mwiba wa samaki, na siku moja kilivunjikia ndani ya kitunguu. Nilikikumbuka kisu hicho siku nilipoambiwa kwamba, kwa kuwa sasa nimekuwa mkuu wa idara, lazima niende kunolewa.

Neno ni lao, mimi silipendi. Chuoni kwetu mtu akipewa cheo hupelekwa kunolewa. Mwalimu wa kemia hunolewa, mwalimu wa sheria hunolewa. Hupotea kwa muda ambao hakuna anayekubaliana na mwenzake ni muda gani, kisha hurudi wakitembea polepole na kusema kwa sauti ambayo hukuwahi kuisikia vinywani mwao. Mimi ni mwalimu wa sarufi. Umri wangu wote umekwisha kwenye kitenzi, kinavyovishwa viambishi mbele na nyuma kama mtoto anayepelekwa kwenye baridi. Nikiingia darasani naandika ubaoni "nimekula", nafuta "ni" ya mwanzo, nauliza: haya, nani amekula sasa? Wanafunzi wanacheka, wanaangaliana, wanatafuta mlaji chini ya madawati. Huo ndio ufundi wangu. Hakuna aliyewahi kunifundisha kumwongoza mtu mwingine, hata kumvusha barabara, na wala sikuwahi kuomba nifundishwe.

Nilikuwa nakaa chumba kimoja na Shaweji Mtengeti, mwalimu wa fonetiki. Meza zetu zilitazamana, na katikati palikuwa na chupa ya chai moja na vikombe viwili ambavyo tulivisuuza kwa zamu, zamu yake ikisahauliwa mara nyingi kuliko yangu. Shaweji amenizidi umri. Hakumaliza tasnifu yake kwa sababu kila alipokaribia kuifunga alisikia sauti nyingine mahali fulani, kwa muuza mkaa au kwa bibi wa kijijini kwao, akaifungua upya. Alimwita kila mtu mkuu. Mlinzi alikuwa mkuu, muuza karanga alikuwa mkuu, mwanafunzi aliyechelewa alikuwa mkuu. "Mambo vipi, mkuu?" aliniambia kila asubuhi, nami nilijibu, "Poa tu, mkuu," na siku ikaanza.

Tulikuwa na mchezo wetu. Matangazo yakishuka kutoka Juu, yote yalianza namna moja: imeamuliwa. Imeamuliwa kwamba madirisha yasifunguliwe. Imeamuliwa kwamba walimu wote wahame ghorofa. Juu ni mahali chuoni kwetu ambapo sijamwona mtu aliyefika. Kuna simu tu inayopigwa kutoka huko. Basi mimi nikishasoma "imeamuliwa", Shaweji aliweka kikombe chini, akatoa sauti ya mwalimu wa shule ya msingi, akauliza, "Na naaani?" Nami nilisimama wima kama mtoto wa darasa la tatu, nikajibu, "Na upepo, mwalimu!" Tulicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Mchezo wa kitoto, lakini ndio uliokuwa ukinitoa kitandani asubuhi.

Kisha upepo ukaniamulia mimi. Asubuhi ya kwanza ya ukuu wangu Shaweji aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Habari za asubuhi, Mkuu." Neno lilelile. Lakini nilisikia herufi kubwa mwanzoni mwake, nilisikia kabisa, na yeye mtaalamu wa sauti alijua kwamba nimesikia. Nikahamishiwa chumba cha peke yangu chenye zulia. Nikanunua chupa ya chai. Chai ya chupa nzima ni nyingi kwa mtu mmoja, na jioni nilikuwa naimwaga dirishani ingali na joto kidogo.

Juu wakapiga simu. "Idara yako ina walimu wengi kuliko kazi. Mmoja apungue. Ukitoka kunolewa, umwambie." Sikuulizwa swali wala sikupewa nafasi ya kuuliza. Waliokuwa hawajathibitishwa kazini ni wawili tu: Shaweji, aliyekuwa bado anadaiwa tasnifu, na Fidea, binti aliyetujia majuzi na shahada yake mpya na darasa linalojaa mpaka mlangoni. Kabla sijashusha mkono wa simu nilikuwa nimeshaamua. Niliamua mimi, kwa kichwa changu, na hata sasa naona hoja zake zinasimama. Shaweji angeondoka.

Kilichonitesa ni kinywa. Mtu aliyenywa chai na wewe miaka yote hiyo anastahili kuambiwa na mtu. Nilitaka nikae mbele yake nimwambie "nimeamua", kwa "ni" yake pale mbele, ili akitaka kunitukana ajue tusi alielekeze wapi. Sikujua namna. Nikajidanganya kwamba huko kwenye kunolewa nitafundishwa.

*

Nyumba ya kunolewa ilikuwa mbele yangu njia nzima na haikukaribia. Kisha ikawa nyuma yangu, nikajikuta ndani. Mlangoni alikaa mama mwenye miwani, mpole sana. "Jina?"

"Gidion Ntandu."

Akaichukua kadi yenye jina langu, akaiweka kwenye kisanduku, akanibandika kifuani kadi nyingine iliyoandikwa MKUU. "Lako utalikuta ukitoka, baba. Halipotei hapa, linatunzwa."

Ukumbini wote walikuwa na kadi kama yangu. Saa ya ukutani ilionyesha muda wa chai, na kila nilipoitazama baadaye ilionyesha muda wa chai. Mwezeshaji wetu alisimama kando ya bango kitita, karatasi zake kubwa zikining'inia, kalamu ya rashasha mkononi. Akiwa dirishani alifanana na mjomba wangu aliyekufa. Akisogea katikati ya ukumbi alifanana na mimi, ila amepiga pasi vizuri zaidi.

"Wakuu, hamjambo!"

"Hatujambo!"

"Jipigieni makofi ya kilo!"

Tukapiga. Maprofesa wazima, watu wenye vitabu, tukapiga makofi kwa kipimo.

Tulifundishwa kupanga muda, ingawa hapakuwa na muda. Tulifundishwa kuendesha kikao, na namna ya kukifunga kabla mwenye neno hajalipata neno lake. Tulifundishwa kukasimu madaraka, yaani kumpa mwingine mzigo huku wewe ukibaki na kamba. Nilikuwa naandika kwa bidii. Sikatai, mengine yalikuwa na maana. Kisha Mwezeshaji akafungua karatasi mpya ya bango, akaandika kwa herufi kubwa: Nimekataa ombi lako.

"Sentensi hii ina ubaya gani?"

Nikafurahi kupita kiasi. Mtu akiwa mgeni mahali akasikia swali la fani yake, hujiona amefika nyumbani. Nikanyoosha mkono. "Haina ubaya wowote. Ina nafsi, ina wakati, ina mzizi, na mtendwa yupo."

"Umesema ina nini, Mkuu?"

"Ina nafsi."

"Hapo hapo," akasema. Akachora mstari juu ya "ni", akaandika chini yake: Ombi limekataliwa. "Mwenye ombi akiumia, akatafuta aliyemuumiza, atamkuta nani?"

"Hakuna!" ukumbi ukajibu.

"Makofi!"

Nami nilipiga, huku nikiwaza. Waliotupa istilahi za sarufi walikiita kile kiambishi kidogo nafsi. Hawakuona haya kutumia neno lilelile tunalolitumia kwa kile kilichomo ndani ya mtu, kinachotamani na kujuta na kuogopa kufa. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wasichanganye, hii ni nafsi ya kisarufi, ile ni nafsi ya dini na washairi. Sasa nilimwona mtu anaifuta moja kwa kalamu, na nilihisi ile nyingine inasogea ndani ya kifua, inachungulia, inauliza kama imeitwa. Ni nani aliyehakikisha kwamba ni mbili? Mtoto huanza kusema "nataka" kabla hajajua kitu chochote kuhusu mwenye kutaka. Labda "ni" ndiyo inayotangulia, na mtu anamea nyuma yake polepole, kiungo baada ya kiungo. Na kama ndivyo, ukiing'oa ile "ni" kila siku, kwa ustaarabu, kwa lugha nzuri ya ofisi, nini kinachobaki hapo nyuma? Nilitamani kumuuliza Shaweji. Nilimkumbuka kwa ghafla.

Kwenye chai nilisimama karibu na mama mmoja mnene, mwalimu wa sayansi ya udongo. Alinishika kiwiko. "Mimi naitwa Kokubanza. Niite hivyo, tafadhali, niite mara nyingi, usichoke."

"Umekuja lini, Profesa Kokubanza?"

"Sijui. Kila nikitoka narudishwa, wanasema sijaiva." Akafungua mkoba, akatoa donge la udongo mwekundu lililofungwa kwenye leso. "Nusa. Huu nimeuchimba nyuma ya nyumba yetu. Nikianza kupotea naunusa, nakumbuka kwamba kuna mtu aliyeuchimba."

Niliunusa. Ulinukia mvua ya kwanza.

"Na wewe una nini?" akaniuliza.

Nikafikiri. "Nina mchezo," nikasema, lakini kengele ikalia.

Mafunzo yakaendelea. Nilisikia viambishi vikidondoka ukumbini, tik, tik, kama vifungo vya shati kuukuu. Nikakaa. Nikasikiliza. Nikaandika. Kisha ikaandikwa. Ikasikilizwa. Kukakaliwa. Chai ikaletwa, ikanywewa. Kukachekwa mahali pa kucheka, kukanyamazwa mahali pa kunyamaza. Usingizi ukalalwa, kukaamkwa, na saa ilikuwa muda wa chai. Kukakumbukwa kitu fulani kuhusu kisu. Kukatamaniwa nyumbani. Upweke ulikuwepo, mwingi, umejaa ukumbi mzima, lakini haukuwa wa mtu yeyote. Ulisikika tu, kama joto linavyosikika. Na jambo la aibu ni hili, kwamba haukuuma. Kumbe maumivu nayo yanahitaji nafsi ya kukalia.

Halafu kukatafutwa yule mama wa udongo, maana leso yake ilikuwa imeanguka chini. Kukatafutwa jina lake. Jina halikupatikana. "Mkuu!" kukaitwa.

Ukumbi mzima ukageuka. Nyuso zote, kwa wema uleule, kwa kichwa kilichoinamishwa upande uleule. Na yeye akiwemo. Akaitazama leso na donge lake, akasema, "Huo uchafu utaondolewa."

Nikashtuka. Ndiyo, mimi, nikashtuka, "ni" ikarudi mdomoni kama jino linaloning'inia kwa uzi. Nikaliokota donge, nikalinusa. Lilikuwa udongo mtupu. Halikuwa langu, halikuweza kunikumbusha chochote. Nikamtazama Kokubanza akipewa makofi kwa kuiva, na nilitaka kulia kwa ajili yake, nikaogopa kuonekana.

*

Zoezi la mwisho lilifanyika kwenye chumba chenye viti viwili. Mwezeshaji alikaa mbele yangu, akajipangusa uso kwa kiganja, na kiganja kiliposhuka alikuwa Shaweji. Ndevu zake zile, kovu dogo la nyusi lile.

"Mwambie," akasema.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. "N..." nikasema. "N... n..." Ulimi ulifika mahali pake, lakini nyuma ya sauti hapakuwa na mtu wa kuisukuma. Yule mwenye uso wa rafiki yangu alingoja kwa upole. Jasho likanitoka. Nikaelewa kwamba nisipofaulu nitabaki humo, nitaokota leso za watu mpaka basi.

Ndipo nilipoukumbuka mchezo. Karibu nicheke kwa sauti. Hawa hawaujui mchezo wetu! Waache waniambie niseme "imeamuliwa". Nitasema. Nikitoka hapa nitaenda kwa Shaweji wa kweli, nitasema "imeamuliwa", naye atauliza, kwa sababu hajawahi kushindwa kuuliza, atauliza "na nani?" Na sarufi yetu ina huruma kwa watu waoga. Mtenda aliyefukuzwa mwanzoni mwa sentensi huruhusiwa kuingia mwishoni, kwa mlango wa uani, akitanguliwa na "na". Nitamjibu, na mimi. Nitakuwa nimesema. Nitakuwa nimerudi.

"Imeamuliwa," nikamwambia Mwezeshaji.

Akaurudisha uso wake. "Umeiva, Mkuu."

Mlangoni yule mama mpole alinikabidhi kadi yangu. Gidion Ntandu. Nililisoma kama jina la mtu niliyesoma naye zamani ambaye sura yake imenitoka.

*

Sijui nilikaa huko siku chache au miaka. Mivinje iliyokuwa kando ya jengo letu ilikuwa mirefu kuliko nilivyoiacha, au mimi ndiye niliyepungua. Nilipitiliza chumba changu cha zulia, nikaenda kwenye chumba chetu, nikasukuma mlango bila kubisha, kama zamani.

Shaweji alikuwepo. Ndevu zilikuwa nyeupe. Labda zilikuwa nyeupe siku zote. Aliinuka. "Karibu, Mkuu. Pole na safari."

"Kaa, bwana, kaa," nikasema. Nikakaa kwenye kiti changu cha zamani. Yeye hakukaa. Akamimina chai kwenye vikombe viwili, na chai ilikuwa na iliki nyingi kama tunavyoipenda. Nilihisi furaha ya ajabu. Nilikuwa karibu kufika.

"Shaweji," nikasema. "Imeamuliwa."

Sikuongeza neno, nikamwachia nafasi. Nilimtazama mdomoni kama mtoto anayemtazama mfanya mazingaombwe. Aliweka kikombe chini, vilevile kama siku zote, na moyo wangu ukaruka. Midomo ikaachana. Nikaiona ncha ya ulimi wake ikipanda, ikigusa ufizi nyuma ya meno ya juu, mahali ambapo yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi kwamba ndipo inapotamkiwa sauti ya n. Inakuja, nikajiambia. Inakuja. Na nani.

"Nimeelewa, Mkuu," akasema.

"Nilikuwa nikilitegemea. Ninashukuru kwa kuja kwako mwenyewe. Nitakusanya vitu vyangu leo, nisimcheleweshe atakayehamia." Alisema hivyo, kila kitendo chake na "ni" yake mbele, zote zikiwa mahali pake, hata moja haijadondoka.

Nilitaka kumwambia uliza. Uliza, ndugu yangu, swali ni lako, umeliuliza mara ngapi kwa mambo ya kipuuzi, kwa madirisha, kwa ghorofa. Badala yake nikasikia sauti ikisema kwamba utaratibu utafuatwa na kwamba mchango wake unathaminiwa. Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyeiva. Shaweji aliitikia kwa kichwa. Alifunga vitabu vyake kwa kamba ya katani, akasuuza vikombe vyote viwili, ingawa kwa kumbukumbu zangu haikuwa zamu yake, akavipindua juu ya kitambaa, akatoka.

Chai yangu nilikuwa sijainywa. Alikuwa ameimwaga bila kujua.

Nilikaa. Nilisikia hatua zake zikiisha kwenye korido, zikiisha kwenye ngazi. Nikasema peke yangu, kwa kujaribu, "na mimi". Ikatoka. Nikasema tena, ikatoka vizuri zaidi, na nyuma yake nilimsikia mtu, mdogo, amechoka, lakini ni mtu. Nikakimbia. Nilikimbia kwenye roshani, nikashika chuma cha ukingo, nikamwona chini akipita katikati ya mivinje na mzigo wake begani, na wanafunzi wakimpisha njia.

"Na mimi!" nikapiga kelele. "Shaweji! Na mimi!"

Wanafunzi wakainua vichwa. Wengine wakacheka, wakabana midomo. Shaweji akasimama, akageuka, akakinga jua kwa kiganja mpaka akaniona. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote, "Na mimi!"

Alinitazama kwa huruma, kama mzazi mwenye safari anavyomtazama mtoto aliyeng'ang'ania mlangoni.

"Na wewe uende wapi?" akaniuliza taratibu. "Wewe baki, Mkuu. Wewe una ofisi."